Kupima Kama Gridi Inaupokea Umeme wa Sola Unaourudisha

Ili mkondo utoke nyumbani kuelekea kwenye laini, volti ya nyumbani lazima iwe juu kidogo ya ile ya transfoma. Kadiri inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa aina ya nyumbani) inavyosukuma umeme zaidi, ndivyo volti inavyopanda, mpaka ifike kwenye kikomo. Hapo inveta huanza kubana uzalishaji, au hujizima kabisa jua likiwa utosini. Kwa hiyo swali la kama gridi inaupokea umeme wako linajibiwa kwa namba mbili: volti inapanda kiasi gani kwa kila ampea unayorudisha, na ni kilowati-saa ngapi zinapotea kwa sababu hiyo.

Wengi huangalia volti peke yake na kuishia hapo. Hilo ni kosa, kwa sababu rekodi safi ya volti huenda imetokana na inveta za mtaa mzima kukataa kuzalisha ili volti isipande. Ukitaka kujua ukweli, pima na kile ambacho hakikuzalishwa.

Kwanza fahamu vikomo vyako

Andika vikomo viwili kabla ya kushika kifaa chochote: cha gridi na cha inveta. Kwa mifumo ya volti 230, kikomo cha juu cha gridi katika nchi nyingi ni asilimia 10 juu, yaani volti 253. Kiwango cha Ulaya, EN 50160, hupima kwa wastani wa dakika 10 katika wiki nzima: asilimia 95 ya vipindi viwe ndani ya asilimia 10 juu au chini, na kwa upande wa juu hakuna kipindi kinachoruhusiwa kuvuka 253.

Kikomo cha inveta hutegemea mpangilio wa nchi uliochaguliwa na fundi siku ya kuifunga. Ujerumani, inveta hujitenga na gridi wastani wa dakika 10 ukizidi 253. Uingereza, hujitenga ndani ya sekunde 1 ikifika 262.2, na nusu sekunde ikifika 273.7. Australia, chini ya AS/NZS 4777.2 ya mwaka 2020 na mipangilio ya gridi kubwa, mambo huanza mapema zaidi. Kuanzia volti 240 inveta hunyonya nguvu riaktivu (ile inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi, ila inashusha volti) hadi asilimia 60 ya uwezo wake kwenye volti 258. Kuanzia 253 hupunguza nguvu halisi, hadi kubaki asilimia 20 kwenye 260.

Angalia maana yake. Kwenye 253, ambako upunguzaji wa wati ndio kwanza unaanza, inveta hiyo tayari imetenga asilimia 43 ya uwezo wake kwa nguvu riaktivu, na kinachobaki kwa nguvu halisi ni asilimia 90 hivi (hizi mbili hazijumlishwi moja kwa moja; miraba yake ndiyo hujumlishwa). Paneli zikiwa na uwezo wa kuijaza inveta, sehemu moja ya kumi imeshapotea na hakuna kengele iliyolia. Ndiyo maana lazima usome mpangilio halisi kwenye menyu ya inveta, usikisie. Inveta iliyowekewa nchi isiyo yake hubana mapema mno, au huchelewa na kuwasukumia majirani volti ya juu.

Vifaa

Unahitaji multimita inayopima RMS ya kweli (volti sahihi hata wimbi la umeme likiwa si laini), yenye desimali moja ya volti na daraja la usalama CAT III la volti 600 au zaidi. Kwa kazi ya kwenye mita ni CAT IV. Unahitaji pia klampu ya kupimia ampea za AC (umeme wa nyumbani na wa gridi), pamoja na kifaa cha kurekodi volti kila dakika moja au chini yake. Inveta nyingi hutunza rekodi za dakika 5. Zinafaa kwa hesabu ya wiki, lakini kwa jaribio la hapo kwa hapo hazitoshi.

Usiiamini volti ya kwenye kioo cha inveta kabla ya kuilinganisha na multimita. Kosa la asilimia 1 kwenye volti 250 ni volti 2.5, na nyumba nyingi zina nafasi ya volti 7 au 8 tu kabla ya kikomo. Linganisha mara kadhaa, asubuhi na mchana, kisha uandike tofauti na kuitoa kwenye rekodi zote. Oanisha saa za vifaa vyote pia. Tofauti ya dakika 3 kati ya saa ya inveta na ya kirekodi inatosha kuharibu hesabu nzima.

Nyaya za kati ya mita na swichi kuu hubaki na umeme hata ukizima swichi kuu. Kazi yoyote ya kufungua kifuniko upande huo ni ya fundi mwenye leseni. Kwa volti, soketi iliyo karibu na bodi kuu, kwenye sakiti isiyo na mzigo mwingine wowote, hutoa karibu jibu lile lile bila hatari.

Jaribio la kupanda na kushuka

Hili ndilo jaribio lenye faida kubwa kuliko yote, na humalizika ndani ya nusu saa. Lengo ni kupata ukinzani wa njia nzima kutoka kwako hadi transfoma, kwa omu.

Chagua mchana usio na wingu. Zima vifaa vinavyojiwasha vyenyewe: friji, pampu, hita ya maji. Weka multimita moja kwenye bodi kuu na nyingine kwenye terminali za AC za inveta. Kisha, kwa kutumia menyu ya inveta, punguza uzalishaji hadi karibu na sifuri, subiri sekunde 30, soma volti zote mbili, rudisha uzalishaji wote, subiri sekunde 30, soma volti na ampea, punguza tena. Rudia mizunguko 6 hadi 10. Usizime swichi ya AC kufanya kazi hii, kwa sababu inveta ikitengana na gridi hulazimika kusubiri kabla ya kurudi, kuanzia sekunde 20 hadi dakika tano au zaidi kulingana na kanuni, na ndani ya muda huo volti ya mtaa imeshabadilika.

Kurudia kuna sababu. Majirani wanawasha na kuzima vitu vyao, na volti inayumba. Kila somo la "imewashwa" lilinganishwe na wastani wa masomo mawili ya "imepunguzwa" yanayolizunguka. Mfano wa mzunguko mmoja kwenye bodi kuu: imepunguzwa 243.1, imewashwa 249.6, imepunguzwa 243.7. Wastani wa mwanzo na mwisho ni 243.4, hivyo volti imepanda 6.2. Mkondo ulikuwa ampea 19.8. Gawanya: omu 0.313. Kwenye inveta, kwa mzunguko huo huo: 243.2, 253.0, 243.8, imepanda 9.5, sawa na omu 0.480. Tofauti ya omu 0.167 ni waya wako mwenyewe, kati ya bodi na inveta.

Hakiki namba hiyo ya mwisho kwa hesabu ya waya. Shaba ya milimita 4 za mraba ina omu 4.61 kwa kilomita, ya 6 ina 3.08, ya 10 ina 1.83, ya 16 ina 1.15, zote kwa nyuzi joto 20. Zidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi, kisha ongeza asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto inayozidi 20. Waya wa milimita 6 wenye mita 25 kwa nyuzi joto 40 ni omu 0.166, kwa hiyo mfano wetu unaonyesha viungo vizima. Kama kipimo kingetoa 0.27 ilhali hesabu inasema 0.17, kuna omu 0.1 iliyojificha kwenye kiungo kilicholegea. Kwa ampea 20, omu hiyo huzalisha wati 40 za joto ndani ya terminali moja. Zima mfumo na uite fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu kiungo cha namna hiyo huunguza bodi.

Kama huna ruhusa ya kugusa menyu ya inveta, au bado hujafunga sola, tumia birika au hita ya kilowati 2 badala yake. Iwashe na kuizima huku ukipima volti kwenye sakiti nyingine, si ile ya hita, la sivyo utapima waya wa soketi. Volti itashuka badala ya kupanda, lakini ukinzani wa laini ni ule ule. Kwa ampea 8.5 na omu 0.313 utaona mshuko wa volti 2.6 au 2.7. Kwa kuwa mabadiliko ni madogo, fanya mizunguko 10 au zaidi.

Kuna njia ya mkato inayovutia sana na inayodanganya: kuchukua rekodi za mwezi, kuchora volti dhidi ya kilowati zinazorudishwa, na kusoma mwinamo wa mstari kana kwamba ni ukinzani wako. Jua linapowaka kwako linawaka na kwa majirani. Volti inapanda kwa sababu yenu nyote, na mstari unakubebesha wewe mzigo wa wote. Jaribio la kupanda na kushuka halina kasoro hiyo, kwa kuwa majirani hawabadilishi uzalishaji wao kwa kufuata mizunguko yako.

Wenye fezi tatu wapime kila fezi peke yake. Inveta ya fezi moja hupandisha volti kwenye waya wa kwenda na pia kwenye nyutro (waya wa kurudishia mkondo). Inveta ya fezi tatu iliyo sawa haipitishi mkondo kwenye nyutro, na kila fezi hubeba theluthi tu. Kwa nyaya zenye unene uleule, kilowati zile zile hupandisha volti kwa moja ya sita tu. Ukirudisha umeme kwenye fezi moja na kuona mbili nyingine zikishuka kidogo, hilo ni la kawaida. Zikiyumba kwa volti nyingi kila mzigo mdogo unapowashwa, nyutro imelegea au imekatika. Hiyo ni dharura ya kampuni ya umeme, na inaua vifaa na watu.

Volti inatoka wapi

Sasa fungua rekodi ya wiki moja angalau, yenye siku za kazi na za mapumziko, kwa wastani wa dakika 10. Wiki ina vipindi 1,008. Chuja saa za jua pekee. Ukichanganya usiku, vipindi vibaya vya saa sita mchana vitazama ndani ya wastani mzuri.

Kwa kila kipindi, toa mchango wako: volti ya bodi kuu, kutoa omu 0.313 mara ampea halisi zinazotoka kwenda kwenye gridi (uzalishaji kutoa matumizi; zikiwa zinaingia, jumlisha). Kinachobaki ni volti ya gridi bila wewe. Linganisha yake ya saa 9 usiku na yake ya saa 7 mchana.

Tuseme usiku ni 241.2 na mchana ni 243.4. Basi kwenye mfano wetu volti 253 za inveta zimejengwa hivi: 241.2 za transfoma, 2.2 za majirani, 6.2 za laini kati yako na transfoma, 3.3 za waya wako wa ndani. Mgawanyo huu ndio unaoonyesha pa kutengeneza. Ikiwa volti ya usiku ni 246 au zaidi, tatizo ni tepu ya transfoma (hatua inayopanga volti inayotoka). Nyingi ziliwekwa juu enzi ambazo umeme ulikuwa unashuka tu kuelekea mwisho wa laini. Ikiwa usiku ni sawa lakini mchana inapaa bila mchango wako, sola imejaa mtaani. Ikiwa sehemu kubwa ni 6.2 zile za laini, waya wa kuingia nyumbani ni mwembamba, mrefu, au una kiungo kibovu pale kwenye nguzo.

Suluhisho linaweza kukadiriwa kabla halijalipiwa. Kwa sasa nafasi ni 253 kutoa 243.4, gawanya kwa 0.480: ampea 20, yaani kama kilowati 5. Badilisha waya wa milimita 6 uwe wa 16 na ukinzani unashuka hadi 0.375: ampea 25.6, kama kilowati 6.5. Shusha tepu ya transfoma hatua moja, ambayo kwa kawaida ni asilimia 2.5 au karibu volti 6, na bila kugusa waya unapata ampea 32, kama kilowati 8. Tepu inaonekana tamu, lakini inashusha volti ya jioni pia. Angalia volti ya chini kabisa jioni kwenye nyumba ya mwisho ya laini. Ikitolewa 6 na kuangukia chini ya 207, au 216 pale ambapo kikomo ni asilimia 6, ombi hilo litakataliwa na ni haki likataliwe. Kumbuka pia kwamba nafasi ya tepu ni ya mtaa mzima, na inveta za majirani zilizokuwa zinajibana zitaichukua papo hapo.

Kuhesabu kilichopotea

Hapa ndipo penye ushahidi. Inveta ikibana uzalishaji, inaziondoa paneli kwenye sehemu yao ya nguvu kubwa na kuzisogeza kuelekea volti ya wazi (ile ya paneli zisipotoa mkondo wowote). Kwa hiyo upande wa DC (umeme unaotoka kwenye paneli) unaacha alama: volti ya DC inapanda huku ampea na kilowati zikishuka. Wingu haliachi alama hiyo. Likipita, ampea hushuka lakini volti ya DC hubaki karibu palepale. Mfululizo wa paneli unaofanya kazi kwenye volti 330 na wenye volti ya wazi 400, ukionekana saa 6 mchana uko 375 na kilowati zimeshuka, hilo si wingu.

Lakini si kila kubana ni kosa la gridi. Angalia vitu vinne kabla ya kulaumu. Kilowati zikiwa zimelala sawasawa kwenye uwezo wa inveta wenyewe, paneli zimezidi inveta, basi. Zikilala kwenye kiwango kinachopanda kila unapowasha birika, ni kikomo cha kurudisha umeme kilichowekwa kwa mkataba. Hilo ni kizuizi cha gridi, ila lihesabiwe kando. Volti ya AC ikiwa ya kawaida na inveta ikiwa ya moto, ni joto: isogeze kivulini au usafishe mapezi yake. Cha nne ni hezi (idadi ya mizunguko ya umeme wa gridi kwa sekunde, kwa kawaida 50). Chini ya kanuni za Ujerumani, inveta hupunguza nguvu kwa asilimia 40 kwa kila hezi 1 juu ya 50.2, kwa hiyo 50.4 huondoa asilimia 8. Kwenye gridi kubwa ni nadra. Kwenye gridi ndogo ya kisiwa au kijiji huenda ndiyo sababu kuu.

Vilivyobaki, yaani vipindi ambavyo volti ya DC imepanda, volti ya AC iko ndani ya eneo la kubana, na hakuna sababu nyingine, ni hasara ya gridi. Kadiria ambacho kingezalishwa kwa kuchora mchoro laini wa siku isiyo na wingu kupitia asubuhi na alasiri ambazo hazikubanwa, au kwa kihisi cha mwanga kilicholala kwa pembe ile ile ya paneli. Siku zenye mawingu ya vipande hazifai bila kihisi, ziache. Usisahau muda ambao inveta ilijizima na kusubiri kurudi, kwani kwenye rekodi nyingi huo huonekana kama pengo tupu na hurukwa.

Sasa hesabu. Siku ingetoa kilowati-saa 31.0, ikatoa 27.4, zimepotea 3.6. Nyumba ilitumia 8.4, zikarudishwa 19.0. Kiwango cha upokezi ni zilizorudishwa gawanya kwa zilizorudishwa pamoja na zilizopotea: 19.0 kwa 22.6, yaani asilimia 84. Kugawa zilizopotea kwa uzalishaji wote wa siku huifanya gridi ionekane nzuri kuliko ilivyo, kwa sababu umeme ulioutumia mwenyewe haukuomba nafasi kwa mtu. Kitolee taarifa kwa mwezi mmoja mmoja. Miezi ya jua kali na baridi, ambapo hakuna anayewasha kiyoyozi, kwa kawaida ndiyo mibaya zaidi.

Kwa mtaa mzima

Kampuni ya umeme au kikundi cha wakazi kikitaka picha ya transfoma nzima, pima nyumba ya mwisho wa kila laini, sio zilizo karibu na transfoma ambazo karibu zote zitakuwa salama. Jua kila nyumba iko fezi gani. Ukilinganisha rekodi za volti za dakika, nyumba za fezi moja huyumba pamoja na zinajitambulisha zenyewe. Mara nyingi utakuta inveta nyingi zimerundikana fezi moja, na kuhamisha mbili tatu kunaleta nafuu bila kununua waya.

Kisha pima umeme unaorudi kupitia transfoma yenyewe. Transfoma ya kVA 100 (uwezo wa kubeba karibu kilowati 100) yenye nyumba 40, kila moja na inveta ya kilowati 5, zikizalisha asilimia 85 kwa pamoja ilhali matumizi ya mchana ni kilowati 20, ingerudishiwa kilowati 150. Hapo kikomo ni joto la transfoma, na kushusha tepu hakusaidii chochote. Hesabu hii itumie saa yenye matumizi madogo kabisa ya mchana, si wastani wa siku.

Taarifa ya kupeleka kwa kampuni iwe na: mpangilio wa inveta kama ulivyosomwa kwenye menyu, omu za jaribio pamoja na masomo yote ya mizunguko, unene na urefu wa waya wako, volti ya gridi bila wewe ya usiku na ya mchana kwa wiki nzima, na kilowati-saa zilizopotea kwa siku zisizo na wingu. Kama waya wako wa ndani unapandisha zaidi ya asilimia 1 ya volti, urekebishe kwanza, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza watakachokuja kupima.